Nilikosa Usingizi Hotelini, Nikaupata Chini ya Leso

Siku hizi nikipita mtaa wa Free Area, wale vijana wa boda boda pale steji wananiuliza, "Mathe, chai tuweke wapi?" na mimi naendelea na safari yangu kama mtu ambaye hajasikia, lakini shingo yote inawaka moto. Aibu ile bado sijaimaliza na sidhani nitaimaliza. Sasa kwa sababu kila mtu ana toleo lake (kuna mmoja Bondeni anasema eti nilianguka kutoka kwa kiti, uongo mtupu), wacha niwaelezee mwenyewe vile ilikuwa, mcheke mara moja mmalize.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mama Shiro, nauza shuka, mapazia na duvet za mitumba pale Bondeni, huu ni mwaka wa kumi na nane, na naishi Kaptembwo na mzee wangu Baba Shiro, fundi wa viatu, mtu wa maneno machache. Na kitu kimoja ambacho kila aliyewahi kusimama kwa kibanda changu dakika tano anakijua ni kwamba mimi silali. Kwangu usingizi ni kitu cha kusikia kwa watu. Upande mmoja kuna kanisa la mabati lenye kesha kila Ijumaa, upande mwingine kuna posho mill, ile mashine ya kusaga unga, inayoamka kabla ya jogoo, jogoo mwenyewe ni wa jirani na hajui saa, na juu ya hayo yote kuna Baba Shiro na kukoroma kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa inanimaliza. Nashtuka usiku wa manane, nasikia ule mlio, nampiga kiwiko, "Geuka, Baba Shiro!" naye anageuka bila kusema kitu, na mimi nabaki nikiangalia mabati. Nilimsema hivyo miaka ishirini na sita. Nilimsema kwa chama chetu cha akina mama, nilimsema kwa wateja, nilimsema hata mbele ya pasta, yeye mwenyewe akiwa ameketi hapo kando yangu akiangalia viatu vya pasta.

Basi ndugu yangu mdogo, ambaye amejenga Free Area, ana msichana anaitwa Ciku. Huyo Ciku alisoma sekondari akikaa kwangu, akila kwangu, akinisaidia kukunja shuka kila Jumamosi, kwa hivyo ni wangu pia na usiniambie kitu kingine. Ciku akapata kijana wa kutoka Molo, Dan, kijana mpole ukimuona, na siku ya ruracio ikapangwa, yaani siku ile watu wa kijana wanakuja rasmi kuomba msichana. Kwetu siku hiyo kuna mchezo mmoja ambao wageni wote huungoja: wasichana wanafunikwa leso, yaani kanga, kutoka kichwani mpaka vidole vya miguu, wanapangwa mstari, na kijana anaambiwa atafute wake. Akikosea analipa faini ya mbuzi, na kibaya zaidi atachekwa mpaka siku ya harusi. Wanaofunika ni mashangazi, na mkubwa wa mashangazi, ambaye pia ndiye angesimama baadaye kuwakaribisha wakwe kwa niaba ya akina mama, alikuwa mimi.

Ndugu yangu aliniita kando wiki mbili kabla.

"Dada, hawa watu wa Molo ni watu wa heshima. Mama ya Dan alikuwa hedimistresi wa shule, na tangu nimjue sijamuona akicheka. Ciku ataenda kuishi na hao watu. Sitaki watuone sisi ni watu ovyo. Tafadhali usiniangushe."

"Mimi?" nikamwambia. "Nilikuangusha lini?"

(Alikuwa anakumbuka harusi ya binamu yetu ambapo nilikata keki kabla ya maharusi kufika, lakini ile keki ilikuwa imewekwa vibaya, karibu sana na mahali nilikuwa nimekaa.)

Sasa kosa. Kosa lilianza kwa ule mkutano wa mwisho wa familia, watu wanaulizana nani ataleta sufuria na nani ataleta tenti, mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Na mimi je? Mnataka nisimame mbele ya wakwe na macho mekundu? Mkitaka hii kazi ifanyike sawasawa, usiku wa kuamkia siku hiyo nilale hoteli." Nusu nilikuwa natania. Nusu ile nyingine ilikuwa tamaa, wacha niseme ukweli, kwa sababu miaka kumi na nane nimewaapia wateja kwamba shuka zangu zimetoka hoteli kubwa za ng'ambo, nikiwaambia mama ukiilalia hii hata shida zako zitalala, na mimi mwenyewe sijawahi kulala hoteli hata siku moja.

"Auntie, hiyo ni kitu ndogo," Ciku akasema. "Ntakubukia room. Ya wawili ama ya mmoja?"

"Ya mmoja! Naenda kulala, siendi kusikiza trekta."

Watu wakacheka sana. Baba Shiro naye akacheka kidogo, akaendelea na chai yake.

Hoteli yenyewe iko juu kule Milimani, mahali ambapo ukisimama dirishani unaona ziwa kwa mbali. Nilifika Ijumaa saa kumi na nusu na begi langu, ndani nimebeba blanketi yangu ya nyumbani, kwa sababu huwezi kujua. Msichana wa mapokezi akaniuliza, "Mathe, ulikuwa umebuku?" nikamwambia, "Nimebukiwa," na hilo neno nikalirefusha ili hata askari wa mlangoni alisikie. Wakanipa room namba kumi na nne.

Kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa kulala, nilikagua shuka. Nikaishika kwa vidole viwili, nikaivuta, nikainusa, nikageuza pindo nione mshono. Kumbe ni ile ile polikotoni ninayouza Bondeni, ni vile tu yao imepigwa pasi! Nilisimama hapo nimeishika nikiwa sijui nifurahi au nisikitike, maana miaka hiyo yote nilikuwa nawaambia wateja ukweli bila kujua. Halafu kulikuwa na mito mitano. Mtu mmoja, mito mitano. Mmoja nikauweka upande ule wa Baba Shiro, sijui hata kwa nini.

Kuingia kitandani sasa ndiyo ikawa kazi. Ile shuka ya juu walikuwa wameichomeka chini ya godoro pande zote kwa nguvu, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba unaichomoa, kwa hivyo nikaingia kutoka juu polepole kama barua inaingia kwa bahasha, mpaka miguu ikakwama ikiwa imenyooka. Nikabaki hivyo, mikono kifuani, nikiangalia dari nyeupe.

Na kukawa kimya. Jamani, kimya cha aina hiyo sijawahi kukutana nacho. Hakuna kesha, hakuna posho mill, hakuna mtu anagombana na mtu nje, unasikia tu damu yako ikitembea masikioni. Saa tano ikapita. Saa sita. Nilijigeuza mpaka shuka ikachomoka yenyewe. Nilipohisi macho yanakuwa mazito hatimaye, nikasema asante Yesu, nikazama.

Sijui nililala dakika kumi au ishirini. Nilishtuliwa na mtu akikoroma! Na si kukoroma kwa mchezo, ni ule mlio wa kuburuta bati juu ya lami, na nilipofungua macho ndio ulikuwa unamalizika. Nikajua ni chumba cha kando, kuta za siku hizi ni makaratasi. Hasira iliyonishika siwezi kuieleza. Nikachukua ile simu ya kando ya kitanda.

"Msichana wangu, kuna mtu room ya kando anakoroma. Mimi nimekuja hapa kukimbia kitu kama hiyo. Hebu mtume mtu ampigie mlango."

"Pole, mathe. Ni room gani?"

"Kumi na tano. Ama kumi na tatu. Huko huko."

Nikamsikia akipekua kitabu. "Mathe," akasema, na sauti yake ikawa ya upole sana, "kumi na tatu na kumi na tano hazina mtu leo. Hiyo floor yote uko peke yako."

Niliweka simu chini polepole. Sasa hebu niambieni, mtu mwenye akili timamu angefikiria nini hapo? Mimi nilifikiria shetani. Nilitoka kitandani, nikawasha taa zote mpaka ya choo, nikajifunga blanketi yangu ya nyumbani, nikavuta kiti nikakaa nimekabili ukuta wa room kumi na tano, nikaanza kukemea. Nilikemea mpaka koo ikakauka. Na ule mlio haukurudi tena hata mara moja muda wote niliokuwa macho, nikasema ndiyo, ameshindwa huyo.

Lakini kulala tena, nani angelala? Saa tisa nikampigia Baba Shiro, na akashika simu kabla haijalia mara ya pili.

"Mbona umeshika haraka hivyo? Uko wapi?"

"Niko kitandani."

"Na hujalala?"

"Niko macho tu. Hoteli iko sawa?"

"Ni nzuri sana," nikasema, maana ningesema nini? "Baba Shiro, weka simu hapo kwa mto, halafu ulale. Usikate."

"Kwa nini?"

"Wewe weka tu."

(Nilitaka nimsikie akikoroma. Haya, nimesema, chekeni.) Akaiweka. Nikasikia kitanda chetu kikilia, nikasikia wale wa kesha wakiomba kwa spika, nikamsikia hata yule jogoo, lakini Baba Shiro mwenyewe hakutoa hata mlio mmoja. Nikasema huyu mwanamume ni mkaidi kweli, miaka ishirini na sita anakoroma bila kuulizwa na leo ninapomhitaji amenyamaza. Nikakaa hivyo na simu sikioni mpaka chaji ikaisha, na nje kukaanza kupambazuka.

Saa moja asubuhi kijana mmoja wa hoteli, suti nyeusi na tai ndogo, akaleta chai kwa trei. Nilikuwa ndio nimefumba macho. Nikamwambia aweke hapo mezani na afunge mlango, na kabla sijafumba tena akaja mwingine wa kusafisha chumba. Nikaoga, nikavaa, nikaenda.

Nilipofika Free Area wote wakanizunguka. "Auntie, ulilala?" Na hapo ndipo ningejiokoa. Ningesema ukweli, wangenipa kitanda hata saa moja, na leo ningekuwa mtu wa heshima zake. Lakini mtu aliyedai hoteli mbele ya familia nzima, atasema hakulala?

"Kama mtoto mchanga," nikasema.

Baba Shiro akaniangalia, halafu akaangalia viatu vyangu.

Wakwe walifika saa sita. Tuliimba pale getini, tukawakatalia mlango kidogo vile inavyotakiwa, na sauti yangu kwa sababu ya zile kazi za usiku ikawa inatoka kama ya bata. Nilimuona mama yake Dan, mrefu, kofia ya samawati, mkoba ameushika kwa mikono miwili, na kweli hakuwa anacheka. Nikasema moyoni, wewe mama, leo utajua Ciku ametoka kwa watu wanaojua mambo yao.

Kwa maana nilikuwa na mpango. Nyumba nyingi husimamisha wasichana, na kijana anajua tu wake kwa urefu. Mimi nikasema hapana, wakae kwa viti, ndio mrefu na mfupi wawe sawa. Na tena leso mbili mbili, kwa sababu moja inaonyesha. Na tena, kwa kuwa mimi na Ciku tuna mwili wa aina moja (haya mabega ni ya ukoo), nikaamua nami niingie kwa mstari, nikae kando yake, Dan achanganyikiwe kabisa. Nikawapanga wote wanane na mimi wa tisa nyuma ya nyumba, nikawapa sheria.

"Hakuna kucheka. Hakuna kukohoa. Hata kupumua, mpumue kwa adabu. Atakayetoa sauti ataniona!"

"Sawa, auntie," wakasema.

Tukapelekwa mbele ya wageni tukiwa tumefunikwa, tukaketishwa. Sasa fikirieni. Jua la saa nane liko juu ya tenti. Nimeketi kwa kiti chenye mto. Leso mbili juu yangu, na ni zangu za nyumbani, zinanuka sabuni yangu na sanduku langu. Na kelele! Watoto wanalia, sufuria zinagongana, jenereta inanguruma, akina mama wanasengenyana nyuma, spika inapiga mluzi, na emsii, yule wa kuongoza sherehe, anaongea bila kituo. Kulikuwa na kelele kama Kaptembwo. Mwili wangu ukasema, ah, tumefika nyumbani. Kitu cha mwisho ninachokumbuka ni emsii akisema, "Kwa ufupi."

Yaliyofuata niliambiwa, na mengine nimeyaona kwa simu za watu.

Kumbe wale watoto wawili, Ciku na Dan, walikuwa wamefanya njama. Ciku alikuwa amemwambia, ukifika mbele yangu nitasafisha koo kidogo, ujue ni mimi. (Mimi nalinda mbuzi wetu kumbe msaliti nimemfunika mwenyewe!) Basi Dan anapita, anainama kwa kila mmoja, anasikiliza kama daktari. Anafika kwa Ciku, Ciku anafanya hm-hm, lakini wakati huo huo kwa kiti cha kando yake kunatoka sauti ya koo ambayo hiyo hm-hm haikuweza kushindana nayo. Dan akafikiria Ciku ameamua kutilia mkazo. Akaja mbele yangu, akanishika mkono, akasema kwa furaha yote, "Huyu ndiye wangu!" na akafunua.

Nilikuwa nimelaza kichwa nyuma, mdomo wazi.

Ndugu yangu anasema kulikuwa kimya karibu nusu dakika, kimya kabisa, isipokuwa mimi. Halafu emsii, ambaye namdai mpaka leo, akanyoosha maiki akaiweka karibu na kidevu changu, na zile spika mbili kubwa zikakoroma mpaka kule steji ya boda boda.

Hiyo ndiyo ilinishtua. Nikafungua macho, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kijana wa suti nyeusi na tai ndogo ameinama mbele yangu. Na mimi, nikijua niko room kumi na nne, nikamwambia, maiki ikiwa hapo hapo:

"Weka chai hapo mezani, kijana, na ufunge mlango."

Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo. Kuna mzee wa Molo alianguka na kiti chake (pengine ndiye wanayenichanganya naye). Ciku alijifunua mwenyewe kwa kicheko, machozi yanamtoka na poda yote. Mjomba yake Dan akasimama akasema, "Mbuzi ya faini tutaleta, hakuna shida, lakini mtuambie, na huyu pia tunaenda naye?"

Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilienda nyuma ya nyumba nikajificha kati ya tangi la maji na ukuta, na hapo nikakaa kwa ndoo. Ndugu yangu akaja, akaniangalia, akasema tu, "Dada," akarudi. Afadhali angenitukana. Na nawaambia, sikuwa najililia mimi mwenyewe. Mimi nimezoea kuchekwa, nauza mitumba. Nilikuwa nafikiria Ciku, ambaye kwake kazi yangu ilikuwa moja tu, aende kwa watu wake kichwa kikiwa juu, na sasa ataolewa Molo aitwe mtoto wa yule mama wa kukoroma. Nilisema siendi huko mbele tena, hotuba atoe mtu mwingine.

Halafu nikasikia viatu vinakuja. Kuinua macho, ni ile kofia ya samawati. Mama yake Dan amesimama hapo, uso kama wa siku ya mtihani, na mkononi ameshika kikombe.

"Mama Shiro," akasema, "nimekuletea chai. Lakini sioni meza ya kuiweka."

Nilimwangalia. Mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni, akajaribu kuushika, ukamshinda, na huyo mama ambaye hacheki akacheka mpaka akashikilia tangi la maji, chai nusu ikamwagika, mpaka mimi pia nikaanza bila kupenda.

Alipopata pumzi akaketi kwa jiwe hapo mbele yangu, na nguo yake nzuri hivyo. "Mimi sijalala tangu Jumatano," akaniambia. "Dan ni kijana wangu wa pekee. Nilikuwa nawaogopa. Tuliambiwa watu wa Ciku ni wakali, na mkali zaidi ni auntie yake. Sasa nilipoona huyo auntie amelala mbele yetu mdomo wazi, nikasema, hee, hawa ni watu tu kama sisi. Mtoto wangu amefika kwa watu."

Hiyo chai iliyobaki tuliinywa pamoja, na nikarudi mbele nikatoa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa Free Area. Nikasema, "Karibuni wakwe zetu. Mimi mmeshaniona nikiwa nimelala, kwa hivyo hakuna kitu kingine tunawaficha." Walipiga makofi mpaka ndugu yangu akanitazama tena usoni.

Ningependa kuwaambia iliishia hapo. Lakini jioni, wageni wakiwa wameenda, vijana wakakusanyika sebuleni na simu zao wakaanza kurudia ile video. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Ule mlio ulipotoka kwa simu, nilisimama na vikombe mkononi. Niliujua. Ulikuwa ule wa room kumi na tano. Na ulikuwa ule wa nyumbani, wa kila usiku, ule wa "Geuka, Baba Shiro."

Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki akiangalia viatu vya watu.

"Baba Shiro. Huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

"Na ukanyamaza? Nimekusema kwa chama! Nimekusema kwa pasta!"

Alifikiria kidogo, vile hufikiria akiletewa kiatu kilichoharibika sana. "Ulikuwa unaamka umechoka," akasema. "Nikaona ukijua ni wewe, utaogopa kulala kabisa. Afadhali uamini ni mimi."

Nililia hapo mbele ya vijana, vikombe mkononi, na hiyo hakuna aliyeirekodi, Mungu ni mwema. Halafu nikakumbuka ile simu ya saa tisa, nikamuuliza kwa nini hakuwa amelala.

"Nyumba ilikuwa kimya sana," akasema.

Usiku huo tulirudi kwetu Kaptembwo, kwa godoro letu lenye mashimo mawili, lake na langu, na posho mill na jogoo na kila kitu, na nasikia nililala mpaka saa mbili asubuhi. Yeye pia. Jumapili hiyo nilisimama kanisani nikamsafisha jina lake mbele ya watu wote, pasta akashindwa kuangalia popote ila viatuni. Kwa chama nimelipa faini ya soda. Kwa kibanda, mteja akiniuliza kama shuka ni ya hoteli, namwambia ndiyo ni ya hoteli, nimehakikisha mwenyewe, lakini kulala ni juu yake.

Na nimeapa. Kudanganya kwamba nimelala, sirudii. Kumsema Baba Shiro, sirudii. Juzi Ciku alikuja kuniuliza mambo ya harusi, ambayo itakuwa Molo, kama anitafutie hoteli ya huko ama nitaogopa. Nimemwambia anitafutie, lakini safari hii abuku chumba cha watu wawili, na awaambie wale wa mapokezi wasihangaike usiku wakisikia mlio, yule mtu wa room ya kando tumeshajuana.